Somo la 9: Ngozi ya Mama na Ngozi ya Mtoto Mchanga

Somo hili ni la wamama wenye mimba na wale waliozaa karibuni. Ni la wakunga pia, na la mama wakwe, kwa maana mara nyingi hao ndio wenye kumpokea mtoto na kumwosha. Baba akitaka kusikiliza, apewe kiti. Mwalimu asome polepole, asimame kila mara na kuuliza kama watu wamefahamu.

Mtoto anazaliwa leo, ngozi yake laini, haina hata alama moja. Siku ya nne au ya tano mama anaona vipele vidogo vyenye usaha shingoni, kwapani au kwenye kinena. Mara nyingine ni malengelenge yenye maji, yanapasuka na kuacha mahali pekundu kama palipoungua na moto. Mama anaogopa. Anauliza, Vitu hivi vimetoka wapi?

Katika vijiji vyetu vya Kabambare, toka kando ya Luama mpaka njia ya Kasongo, utasikia majibu mengi. Mmoja anasema ni maziwa ya mama yaliyoharibika. Mwingine anasema baba au mama ametoka nje ya ndoa, na mtoto analipa. Hapo ugomvi unaingia nyumbani, mama analia, na wakati watu wanatafuta mwenye kosa siku mbili zinapita, na mtoto anaacha kunyonya. Nasema wazi: vipele vya usaha si hukumu juu ya wazazi. Mtu mwema na mtu mbaya wote wana mikono, na mikono ndiyo inayobeba ugonjwa huu.

Ngozi ya kila mtu ina wakaaji. Ni vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, navyo vinaitwa mikrobi. Nyingi hazina ubaya. Lakini iko moja inayoitwa stafilokoko, na hiyo ndiyo mama wa majipu. Katika watu watatu, karibu mmoja anaichukua puani mwake bila kuumwa na bila kujua. Tena inakaa kwa wingi ndani ya jipu na ndani ya kidonda chenye usaha, na kutoka hapo inashika vidole na kujificha chini ya kucha. Ngozi ya mtu mzima ni nene, inajilinda. Ya mtoto mchanga ni nyembamba, nayo ina mlango mmoja ulio wazi, ndio kitovu.

Mtoto anapozaliwa ngozi yake ni kama shamba jipya lililochomwa na kulimwa. Shamba halikai tupu. Ukipanda karanga mapema, majani yake yanafunika udongo, na magugu hayapati nafasi. Ukichelewa, magugu yanatangulia. Basi tusiulize kama mtoto atapata mikrobi. Atapata. Tuulize atapata za nani kwanza, na kwa njia gani.

Hapa wengi wanapotea, hata watu waliosoma. Wakisikia kwamba mikrobi inatoka kwa mtu mzima na kuingia kwa mtoto, wanafikiri, Basi tumtenge mtoto na mama yake. Jambo hili lilikwisha kujaribiwa, na wamama wa inchi zingine waliona matunda yake.

Miaka ya 1950 hospitali nyingi kubwa za Australia, Canada, Uingereza na Marekani zilikuwa na desturi ya kuwalaza watoto wachanga mbali na mama zao, wote katika chumba kimoja, kitanda karibu na kitanda, na wauguzi wachache wakiwahudumia wote. Chumba kilikuwa cheupe na sakafu iling’aa. Ndipo stafilokoko moja kali, ambayo waganga waliiita kwa namba 80/81, ikaingia katika vyumba vile. Watoto wakatoka usaha, wengine wakafa kwa ugonjwa wa mapafu au wa damu. Wamama waliporudi nyumbani na kunyonyesha, wakapata majipu ya maziwa, kwa maana mtoto aliichukua mikrobi hospitalini na kumletea mama yake. Mwaka 1962 waganga wa mji wa Cleveland walitangaza walilopima: mikono ya wauguzi isiyonawa ilikuwa njia kubwa ya kuipeleka mikrobi toka mtoto huyu mpaka yule, kuliko hewa ya chumba.

Mwaka 1963 Munganga Henry Shinefield na wenzake walitangaza jambo la ajabu zaidi. Walichukua stafilokoko yenye upole, namba 502A, wakaipaka kwa makusudi puani na kitovuni mwa watoto waliozaliwa muda mfupi. Ile kali ilipokuja, ilikuta nafasi imekwisha kukaliwa. Ni habari ile ile ya karanga na magugu. Dawa hiyo iliachwa baadaye, kwa sababu hata ile yenye upole ilileta majipu kwa watoto wengine, na mmoja alikufa. Lakini waganga walikuwa wamejifunza kwamba anayetangulia ana nguvu.

Mama wa Kabambare hahitaji chupa ya mikrobi kutoka Marekani. Ngozi yake mwenyewe imejaa zile zinazofaa, na mwili wake umekwisha kuzizoea. Askari wa kupigana nazo anampa mtoto kwa njia ya damu kabla ya kuzaliwa, tena kwa njia ya maziwa baadaye. Mikrobi ya mgeni, au ya kitanda cha hospitali, inakuja bila mlinzi namna hiyo.

Kwa hiyo mtoto akitoka, mkaushe kwa kitambaa safi, kisha mlaze uchi kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi. Wafunike wote wawili kwa kikwembe safi, na mtoto avikwe kofia. Wakae hivyo saa nzima bila kuondolewa, na mtoto anyonye hapo hapo. Kupima uzito kutangoja. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya kazi iliyofanywa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, juu ya watoto wadogo sana, wenye uzito chini ya kilo 1.8. Wengine waliwekwa kifuani upesi baada ya kuzaliwa. Wengine waliwekwa kwanza mahali pa joto palipotengwa, wakaletwa kifuani walipopata nguvu. Katika kila watoto 100 waliotengwa kwanza, karibu 16 walikufa kabla ya siku 28. Katika kila 100 wa kifuani, walikufa 12. Na ugonjwa wa mikrobi katika damu ulipungua kwao. Fikirini watoto wanne katika kila 100, nao hawakuokolewa kwa mashini.

Mtoto anatoka na kitu cheupe kama siagi juu ya ngozi. Wako wanaokiona kuwa uchafu, wanakisugua mpaka mtoto anakuwa mwekundu. Kiacheni. Ni mafuta ya ulinzi, yanazuia mikrobi mbaya na kushika joto. Shirika la Afya la Dunia linafundisha kwamba mtoto asioshwe kabla ya saa 24 kupita. Kama haiwezekani kabisa, zipite saa 6. Ninajua neno hili ni gumu kwa mama wakwe, kwa sababu kuosha mjukuu ni heshima yao. Mama, heshima yako haikuondolewa. Utamwosha kesho, kwa maji ya vuguvugu, na mikono yako ikiwa imenawa kwanza.

Sasa tuje kwenye mikono. Mwaka 1847, katika mji wa Vienna, inchi ya Austria, munganga mmoja jina lake Ignaz Semmelweis aliona wamama wanakufa kwa homa ya uzazi. Nyumba za kuzalia zilikuwa mbili. Katika ile ya wakunga walikufa wachache. Katika ile ya waganga walikufa wengi. Alitafuta sababu, akafahamu kwamba waganga walitoka kupasua maiti, wakaja kuwagusa wamama kwa mikono ile ile. Akawaamuru wanawe kwa maji yenye klorini. Mwezi wa 4 mwaka ule walikuwa wamekufa wamama 18 katika kila 100. Mwezi wa 6 walikufa 2. Wakubwa wake hawakupenda kusikia kwamba mikono ya munganga inaweza kuua, na wengi walimpinga. Hata leo si rahisi kumwambia mkubwa anawe. Lakini mwambieni! Mwuguzi akikujia materinite toka kwa mgonjwa mwingine na kutaka kumgusa mtoto wako, una haki ya kusema kwa upole, “Munganga, maji yako pale.”

Namna ya kunawa ni hii. Maji yamiminwe, yasiwe ya beseni ambamo watu kumi wamekwisha kuchovya. Kama hakuna bomba, toboa tundu dogo chini ya bido la lita 5, zibe kwa kijiti, lijaze maji, lifunge kwenye mti karibu na mlango. Tia sabuni; hata sabuni ya mawese inayopikwa kijijini inafaa. Kama sabuni imekwisha, tumia majivu safi ya jikoni. Sugua kiganja, nyuma ya mkono, katikati ya vidole, kidole gumba na kucha, kwa muda wa kuhesabu polepole mpaka 30. Kisha acha mikono ikauke kwa hewa. Ukiifuta kwa kikwembe ulichovaa tangu shambani, umefanya kazi bure. Mama anawe akitoka chooni, akibadilisha kitambaa cha damu, akimsafisha mtoto mavi, na kabla ya kunyonyesha au kugusa kitovu. Kucha ziwe fupi.

Na wageni? Mtoto akizaliwa kwetu, kijiji kizima kinakuja. Ni vizuri waje, wapige vigelegele, walete kuku na mchele. Lakini mtoto anapitishwa toka mkono huu mpaka ule kama sahani ya karanga. Mmoja ana jipu kidoleni, mwingine ametoka kuchokonoa pua, dada yake mdogo ana upele wenye usaha. Katika wiki za kwanza wenye kumshika wawe wachache: mama, baba, na mmoja au wawili wa kusaidia. Mama mwenyewe hawezi kumkatalia shangazi ya mume wake. Akifanya hivyo ataitwa mwenye kiburi. Basi kazi hiyo ni ya baba au ya mama mkwe. Aliweke lile bido karibu na mlango na kusema, “Katika nyumba hii tunanawa kwanza.” Mwenye kidonda cha usaha akifunike kwa kitambaa safi, na asimshike mtoto mpaka apone.

Kitovu kinahitaji maneno zaidi. Kinapokatwa, ile kamba inabaki kama kipande cha nyama iliyokufa, na mikrobi inakipenda. Ndani yake mna mishipa inayoelekea moja kwa moja ndani ya mwili wa mtoto. Kwa hiyo usaha wa kitovu si sawa na usaha wa kidole. Jioni unaona wekundu kidogo, kesho yake asubuhi ugonjwa umeingia katika damu.

Kitovu kikatwe kwa wembe mpya ambao haujafunguliwa, na kifungwe kwa kibanio cha hospitali au uzi uliochemshwa. Anayekaa mbali na materinite, akifika mwezi wa nane atayarishe kikapu: sabuni, wembe mpya, uzi, vikwembe viwili vilivyofuliwa na kupigwa pasi. Atakuja kuzalia materinite, lakini mvua inaweza kukata njia. Baada ya kukata, usitie kitu. Mawese, majivu, majani yaliyotwangwa, udongo wa ukuta, mate, mavi ya mnyama, vyote hivyo vinaleta mikrobi, na udongo na mavi vinaweza kuleta pepopunda, ambayo ni habari nyingine ya kutisha. Wazee hawakuvitia kwa ubaya. Walitaka kitovu kikauke upesi. Lakini hewa inakikausha. Kiwe wazi, juu ya kitambaa cha mkojo, wala kisifungwe kwa mkanda. Kikichafuka, kioshe kwa maji yaliyochemshwa na sabuni, ukikaushe. Kitaanguka chenyewe, mara nyingi kabla ya siku 15. Usikivute.

Wengine watauliza juu ya dawa ya kitovu inayoitwa klorheksidini. Katika Nepal na Bangladesh ilipunguza vifo vya watoto waliozaliwa nyumbani. Lakini huko Pemba, katika Zanzibar, toka mwaka 2011 mpaka 2014, ilijaribiwa kwa watoto karibu 37,000, na vifo havikupungua kwa namna ya kuonekana wazi. Kwa hiyo tangu mwaka 2022 Shirika la Afya la Dunia linasema: kitovu kiwe safi na kikavu, inatosha; klorheksidini itiwe kila siku katika wiki ya kwanza pale tu ambapo watu wana desturi ya kutia vitu vichafu kitovuni. Mwuguzi akikupa, itie kitovuni tu. Katika inchi mbalimbali za Afrika watu waliidhani kuwa dawa ya macho, na watoto wakaumia macho vibaya.

Usiongeze nguvu ya dawa kwa kufikiri kwamba kali ndiyo njema. Miaka ya 1960 hospitali nyingi ziliwaosha watoto kwa dawa ya heksaklorofeni, na ni kweli stafilokoko ilipungua. Baadaye ikaonekana kwamba inapenya ile ngozi nyembamba na kuharibu ubongo. Mwaka 1972 katika Ufaransa poda ya watoto iliyotiwa dawa hiyo kupita kiasi, kwa kosa la kiwanda, iliua watoto 36. Basi usimwoshe mtoto kwa sabuni ya kufulia yenye dawa kali, wala kwa maji ya Javel, wala usimpake pudra unayoona sokoni Kasongo kwa sababu inanukia.

Maziwa sasa. Mtoto akishika ncha ya ziwa tu, ngozi inapasuka, na stafilokoko inaingia katika ule ufa. Ziwa linavimba, linakuwa jekundu na la moto, mama anatetemeka kwa homa. Kinga ya kwanza ni kumweka mtoto vizuri, mdomo wazi, ashike sehemu kubwa ya ule weusi. Ziwa likiisha kuvimba, usiache kunyonyesha. Kuacha ndiko kunakoleta jipu, kwa sababu maziwa yanasimama ndani. Watu watasema maziwa hayo yana sumu, hayana. Kama mtoto anashindwa kulishika, kamua kwa mkono ulionawa. Njoo upesi kupata dawa. Ikiwa usaha unatoka kwenye chuchu, au kama mama anatumia dawa za ukimwi, mtoto aendelee na ziwa lile lingine mpaka mwuguzi aangalie. Na jipu lisitumbuliwe kwa mwiba wala kwa wembe nyumbani, munganga atalipasua.

Juu ya vikwembe ni maneno machache. Vifuliwe kwa sabuni, vianikwe kwenye kamba katika jua, si juu ya majani, kisha vipigwe pasi pande zote mbili. Pasi ina kazi mbili. Inaua mikrobi, tena inaua mayai ya yule inzi anayetaga kwenye nguo zenye unyevu. Funza wake anaingia katika ngozi ya mtoto, na wengi wanadhani ni jipu. Ukiona jipu lenye tundu dogo katikati na kitu kinachezacheza ndani, ni funza huyo.

Mtoto akiwa na vipele vichache, chini ya kumi, naye ananyonya vizuri na hana homa, mwoshe kwa maji na sabuni, mkaushe, pakaa ile dawa ya zambarau iitwayo violeti, mara 2 kwa siku, siku 5, ukimwonyesha mwuguzi wa santé. Lakini ukiona vipele kumi au zaidi, au malengelenge makubwa, au jipu, au wekundu wa kitovu unaenea kwenye ngozi ya tumbo, usingoje. Ni vile vile akikataa ziwa, akiwa wa moto au wa baridi kupita kawaida, akipumua mbio mara 60 au zaidi kwa dakika, akivuta kifua ndani, akilegea, au akishikwa na degedege. Ondoka siku ile ile, hata kama ni usiku, hata kama soko ni kesho. Mbebe kifuani, ngozi kwa ngozi, umnyonyeshe njiani. Mtu wa kukusindikiza asikose, na yule wa kutafuta fedha atafuate nyuma.

Maulizo

1. Shangazi amefika toka Wamaza na jipu kidoleni, anataka kumbeba mtoto wa siku tatu. Nani atasema naye, na kwa maneno gani?

2. Mama ana ziwa jekundu na homa. Jirani anasema mtoto apewe uji. Utamjibu nini?

3. Kwa nini watoto wa vyumba vile vyeupe vya miaka ya 1950 waliugua, na sakafu ilikuwa safi?

4. Mtoto alizaliwa njiani, karibu na Luama, mvua inanyesha. Katika kikapu mna sabuni, wembe, uzi na vikwembe viwili. Eleza utakavyofanya, toka kunawa mikono mpaka kufika materinite.

5. Ni nani katika nyumba yako anayetakiwa kulisikia somo hili, naye hayupo hapa leo?